Mwiko Mlimani

Asubuhi ya Jumamosi ile, Simiyu alisimama nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, mkate kwapani na maziwa mkononi, akakohoa. Akasubiri. Akakohoa tena kwa nguvu zaidi. Hakuwa na kifua. Alikuwa akimpa mama mkwe wake nafasi ya kutoka sebuleni na kujifungia chumbani.

Ndivyo walivyoishi tangu mwezi wa kumi na moja, mama huyo alipotua Marekani kutoka Bungoma. Jina lake Nabangala, lakini mjukuu wake Nanjala alimwita Kukhu, yaani nyanya, na haukupita muda jengo zima la Langley Park likawa linamwita Kukhu, hata Wasalvador wa ghorofa ya chini. Mchana alishinda kwa binti yake Euphrasia. Usiku alivuka korido akalala kwa Makena, jirani Mmeru aliyeishi peke yake, kwa sababu mama anayejiheshimu halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawasemezani, hawatazamani usoni. Kule Bungoma, kwenye nyua kubwa na njia zenye vichaka vya kuchepukia, jambo hili ni jepesi. Katika nyumba ya vyumba viwili na choo kimoja lilihitaji kukohoa kwingi, na Simiyu alikuwa amezoea kukohoa kiasi kwamba bosi wake alimtaka aende akapimwe mapafu.

Aliposikia mlango wa chumbani umefungwa, aliingia. Alimkuta Euphrasia jikoni amevaa sare ya kazi, na akajua mambo yameharibika.

Siku hiyo walikuwa wampeleke Kukhu kwa Sebastian, kaka yake Euphrasia, aliyekuwa mhasibu huko Morgantown, West Virginia, ng'ambo ya milima. Euphrasia ndiye angekaa na mama yake kiti cha nyuma, Simiyu aendeshe, na heshima ya kila mtu ibaki mahali pake. Sasa Euphrasia akaeleza kwamba nyumba ya wazee anakofanya kazi huko Rockville wamempigia simu. Mwenzake wa zamu amesema hawezi kuja, na hakuna mtu wa kuwalisha wale wazee. Nanjala alikuwa na mafua, angebaki kwa Makena.

"Basi tuahirishe," Simiyu akasema.

"Mama amefunga mizigo tangu alfajiri. Amechoka na hapa, Baba Nanjala. Anamtaka mtoto wake."

Simiyu aliweka mkate na maziwa mezani. Maneno hayo alikuwa ameyasikia wiki nzima, na kila mara yalimchoma mahali pamoja. Alikuwa amejinyima sebule yake, runinga yake na kiti chake ili mama wa watu astarehe, na malipo yake ni kuambiwa kwamba amechosha. Aliuliza tu nani atakaa katikati yao njiani. Euphrasia akainua simu. Angeweka kifaa chake sikioni, alisema, na huku analisha wazee angekuwa anapokea maneno ya huyu na kumpelekea yule, mpaka Morgantown.

Kuhusu theluji iliyotabiriwa mlimani, Simiyu alimwondoa wasiwasi. Kazi yake ilikuwa kuwaendesha wagonjwa kwenda na kurudi kliniki. Majira yote ya baridi aliyokaa Marekani alikuwa hajakwaruza gari hata mara moja. Na tairi je? Euphrasia aliuliza. Simiyu akajibu kwamba tairi zile ni za misimu yote, imeandikwa pale pale kwenye mpira.

*

Kukhu aliingia garini wakati Simiyu amegeuka kutazama ukuta. Alichagua kona ya nyuma upande wa kulia, mbali kabisa na dereva, akajipanga kama mtu anayehamia. Pembeni aliweka kontena la kuku aliyempikia Sebastian. Magotini alilaza mwiko mrefu wa mti wa mvule, mwiko wa kusongea ugali wa matanga, aliokuwa amemletea mke wa Sebastian kutoka nyumbani na ambao haukuingia kwenye sanduku lolote. Halafu akatoa leso, akaifunga kwenye vichwa vya viti vya mbele, kutoka kimoja hadi kingine, ikawa pazia.

Simiyu akatazama kioo cha kuonea nyuma. Aliona maua mekundu na methali.

"Euphrasia," aliiambia simu iliyobanwa mbele yake, "mwambie Mama ashushe leso kidogo. Sioni nyuma."

Simu ilikuwa kwenye spika, na Kukhu hakuwa kiziwi. Hata hivyo alisubiri mpaka Euphrasia akamfikishia ujumbe huo, ndipo akajibu.

"Mwambie ya nyuma ameshayapita. Atazame ya mbele."

"Mpenzi," sauti ya Euphrasia ikaja, tamu kama asali, "Mama anasema anakuamini, wewe ni dereva mzuri."

Ndivyo mambo yalivyokwenda. Kwa mila, neno ambalo hujaambiwa hujalisikia, kwa hiyo Simiyu aliyasikia yote na hakuyasikia. Karibu na Frederick Kukhu alisema aambiwe huyo mtu kwamba yeye si gunia la mahindi. Euphrasia akasema Mama anaomba mwendo upungue kidogo. Walipofika pale ambapo barabara imepita katikati ya mlima uliopasuliwa, mawe yake yamepangana rangi kwa rangi kama chapati, Kukhu akataka aulizwe ni nani aliyeukata mlima huo na wenyewe walilipwa nini. Simiyu akajibu ni serikali. Kukhu akasema basi hawakulipwa. Euphrasia, ambaye wakati huo alikuwa akimbembeleza mzee mmoja ameze uji, alimwambia Simiyu kwamba Mama ameipenda sana mandhari.

Baada ya Cumberland barabara ilianza kupanda kweli kweli. Mbingu iliyokuwa ya buluu ilishuka ikawa ya majivu. Bango la taa kando ya njia lilionya madereva juu ya theluji ya ghafla. Simiyu alilisoma, akakaza mkono kwenye usukani, akajiambia kwamba theluji ni theluji. Walipita Frostburg.

"Mwambie Mama—" Euphrasia akaanza, na simu ikakata. Simiyu aliigusa, akaitikisa, akaipiga kofi dogo. Mlima ulikuwa umeumeza mtandao.

*

Theluji haikuja kwa kunyesha. Ilikuja kama shuka jeupe lililotupwa juu ya gari na mtu mwenye hasira. Mara moja lori lililokuwa mbele likatoweka, kingo za barabara zikatoweka, hata pua ya gari lake mwenyewe Simiyu hakuiona vizuri. Aliona kwa mbali taa nyekundu, akakanyaga breki, na hapo ndipo alipojua kwamba tairi zake zilikuwa za misimu yote ya Langley Park. Gari lilikataa. Kichwa kilielekea kulia, mkia ukaamua kwenda kwake, na wote watatu, Simiyu, Kukhu na gari, wakateleza polepole, kwa ustaarabu kabisa, mpaka wakaegemea ukingo wa chuma kando ya njia.

Kimya. Waipa zilipangusa kioo huku na huku. Upepo ulipopungua kidogo, Simiyu aliona kilichotokea: trela kubwa lilikuwa limekunjika katikati, limelala likikata barabara nzima, na nyuma yake magari yamesimama ovyo kama ng'ombe mnadani. Hakuna aliyeumia, ila hakuna aliyekuwa anakwenda popote.

Kutoka nyuma ya leso zilisikika shanga za rozari. Simiyu alitamani kumwuliza mama huyo kama ni mzima, lakini angemwulizaje? Alikohoa. Huko nyuma Kukhu naye akakohoa. Hiyo ilikuwa habari njema, lakini haikutosha kwa mazungumzo.

"Ee Baba wa mbinguni," Kukhu akaanza hatimaye, kwa sauti ya mtu anayesali peke yake, "wewe unayejua yote, hata mambo ya injini. Mwulize mtumishi wako aliyekaa hapo mbele kama gari hili limekufa au limelala tu. Amina."

Simiyu alitafakari. Hakuna mila inayomkataza mwanamume kusali ndani ya gari lake.

"Ee Mungu mwenyezi," alisema, macho kwenye usukani, "gari ni zima. Kuna trela limefunga njia. Nakuomba umtulize yeyote aliye na wasiwasi, umwambie mafuta yapo na hita inafanya kazi. Amina."

"Amina. Baba, nakushukuru kwa jibu la haraka."

Kuanzia hapo Mungu alipata kazi. Kukhu alimwomba amwulize mtumishi wake kama miguu yake ina baridi. Mtumishi akamjulisha Mungu kwamba ni baridi kidogo tu, ingawa alikuwa amevaa viatu vya kanisani ili shemeji yake Sebastian amwone mtu wa maana, na vidole alikuwa havisikii tena. Kukhu akamwuliza Mungu kama mtumishi amekula. Mungu akanyamaza, kwa sababu mtumishi alikuwa ameondoka na chai ya rangi tu. Kifuniko cha kontena kikafunguka, harufu ya kuku ikajaa garini, na baadaye kidogo mfuniko ukapita chini ya leso, juu yake paja na firigisi.

Simiyu aliitazama ile firigisi. Kwao firigisi hailiwi na mtu yeyote tu. Huliwa na mwenye nyumba, au mgeni ambaye familia nzima inajivunia. Katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kutengewa firigisi na mkono ule.

"Baba," Kukhu akasema, "hiyo ilikuwa ya Sebastian. Lakini Sebastian yuko kwake, ana joto."

Simiyu alikula akiwa amegeukia dirishani. Kukhu alingoja mpaka taya zake zikatulia, ndipo naye akauma bawa, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema walikula pamoja.

Mtu akagonga kioo. Alikuwa dereva mmoja wa lori, Mzungu mkubwa mwenye ndevu zilizoganda, anapita gari hadi gari kuwajulia watu hali. Aliwaambia kwamba malori ya kusukuma theluji yamezuiwa chini na ajali nyingine, itachukua muda. Simiyu akiwasha injini kupata joto, alisema, ahakikishe bomba la moshi huko nyuma halijazibwa na theluji, maana moshi ule ukirudi ndani unaua mtu usingizini. Halafu akachungulia nyuma, akauliza kama yule ni mama yake. Simiyu akasema ni mama wa mke wake. Yule bwana akasema ni yale yale. Ahamie kiti cha nyuma wakumbatiane, joto la mwili ndilo linalookoa watu huku mlimani.

Simiyu alimshukuru kwa sauti ya mtu aliyeambiwa avue nguo kanisani. Kukhu, aliyesoma Kiingereza mpaka darasa la saba, aliikaza leso yake fundo jingine.

*

Ule ushauri wa pili ulimtia Simiyu haya kiasi kwamba aliusahau wa kwanza. Injini iliendelea kuunguruma, hita ikiwapulizia joto zuri, na nje theluji ilijilundika nyuma ya gari mpaka ikafika kwenye bampa.

Kukhu alikuwa akimweleza Mungu habari za ng'ombe aliyemwacha na mimba nyumbani. Maneno yake yakaanza kuburuta miguu. Alisema kichwa kinamwuma. Alisema ng'ombe huyo, Baba, ng'ombe huyo. Halafu akanyamaza.

Simiyu alisubiri Amina. Haikuja. Yeye mwenyewe kichwa kilikuwa kinamgonga na macho yalikuwa mazito, na ilikuwa raha kutulia hivyo, raha sana, mpaka lilipomjia wazo kwamba katika maisha yake hajawahi kumsikia mama huyo akiacha sala bila kuifunga. Hapo akakumbuka bomba la moshi. Alizima injini, akafungua madirisha yote manne, na upepo wa mlimani ukaingia kama fisi.

"Ee Mungu, mwamshe," alisema. "Mwamshe, tafadhali."

Kwa kitambo hakuna kilichosogea. Kisha kikohozi, kisha sauti nzito, yenye kero.

"Baba, mwulize nani amefungua dirisha."

Simiyu alitaka kulia. Badala yake alimwomba Mungu mwiko. Mwiko ukapita chini ya leso, naye akatoka nao, akashika mwili wa gari kwa mkono mmoja na kuchimba theluji kwa mwingine. Ulikuwa mwiko mzuri. Alichimbua bomba lote, akasafisha na pande zake, kisha akauchomeka mwiko kwenye theluji, akarudi nyuma hatua moja kuitazama kazi yake.

Pale aliporudi nyuma, ukingo wa chuma ulikuwa umeishia. Theluji ilikuwa imefunika mwisho wa barabara na mwanzo wa bonde ikafanya kitu kimoja, na Simiyu akapita katikati yake kama kisu kwenye siagi. Aliteleza kwa tumbo. Kiatu kimoja cha kanisani kikamtoka, kikashuka bondeni peke yake. Alidaka kichaka cha miiba na kuning'inia hapo, kidevu chake sawasawa na barabara. Chini yake misonobari ilisimama kwenye ukungu. Hakupiga kelele; angemwita nani, na kwa jina gani?

Ndani ya gari Kukhu alisali mara moja, hakujibiwa. Alisali tena. Mara ya tatu hakungoja Amina. Alishuka amevaa sweta la mjukuu wake na buti za bintiye, akazunguka nyuma ya gari, na kumbe kile alichodhani ni kofia iliyoanguka kilikuwa kichwa cha mkwe wake.

Mazoea ni kitu kigumu. Kwanza aligeuza uso, kama anavyopaswa kufanya mama mkwe akimkuta mkwe wake katika hali isiyo ya heshima. Alisimama hivyo akitazama upande mwingine huku kichaka kikikatika mzizi mmoja mmoja. Kisha akageuka tena. Aling'oa mwiko kwenye theluji, akapiga magoti, akakaza buti zake kwenye gurudumu la gari na kuunyosha ule mwiko mpaka ukamgusa Simiyu puani.

"Simiyu," alisema. "Shika."

Simiyu alikuwa hajawahi kusikia jina lake likitoka kinywani mwa mama huyo. Alishtuka karibu aachie kichaka.

"Mama, nitakuangusha."

"Nimetoa ng'ombe mtoni. Shika."

Akashika. Kukhu akavuta kwa mgongo, kwa mabega, kwa miaka yote ya kulima na kuchota maji, akiguna, leso ya kichwani ikamwangukia shingoni. Simiyu alikuja juu kidogo kidogo kama ndoo kutoka kisimani, akajibwaga kifudifudi barabarani, akainua kichwa. Kwa mara ya kwanza wakatazamana. Simiyu aliona macho ya Nanjala katika uso wa mtu mzima. Kukhu alimkagua tangu nywele hadi soksi iliyolowa.

"Kumbe ni mdogo hivi," akasema. "Euphrasia aliniambia ni jitu."

*

Suruali ya Simiyu ilikuwa imelowa, kwa hiyo Kukhu aliifungua leso kutoka kwenye viti na kumtupia ajifunge. Pazia likawa limekwenda. Injini ikawashwa, dirisha moja likaachwa wazi kidogo, kila mmoja akatazama mbele. Kumrudia Mungu awe mjumbe kulionekana sasa ni kumchosha bure.

"Barabara si nyumba ya mtu," Kukhu akasema baada ya muda. "Hapa si kwako, si kwangu. Nitakuuliza neno, na tukishuka mlima huu sikuuliza."

"Niulize, Mama."

"Kwa nini umenifukuza?"

Simiyu aligeuka mzima mzima, leso kiunoni. "Mimi?"

"Euphrasia ameniambia. Kwamba unafanya kazi asubuhi na mapema, unataka utulivu. Kwamba nyumba ni ndogo, na wewe ni mpole, huwezi kunitamkia, ila umechoka."

"Mama, mimi nimeambiwa ni wewe umetuchoka. Umenichoka mimi hasa. Kwamba hata kikohozi changu kinakuudhi."

"Kikohozi chako ndicho kilikuwa saa yangu. Nikikisikia najua ni jioni, nainjika ugali."

Waipa zilipiga. Wote wawili walilitazama lile trela lililolala mbele yao, lakini hakuna aliyekuwa analiona. Walikuwa wanamwona mtu mmoja aliyevaa sare ya kazi, huko Rockville, akilisha wazee uji kwa sauti tamu.

Simiyu alianza kumtetea mkewe. Alisema Euphrasia ni mtu mwema, ana kazi nyingi, na bado kila usiku humnyoshea shati la kazi kwa pasi, limekunjwa vizuri, kola imekaa kama ya waziri. Hata kanisani aliwahi kumshukuru mbele ya watu.

Kukhu akauliza, "Alisema nini uliposhukuru?"

"Alitabasamu."

"Mashati hayo nanyosha mimi," Kukhu akasema. "Mwanzo nilifanya kwa sababu ya kukosa kazi. Baadaye nikaona ni njia ya kumsalimia mtu."

Simiyu alivuta leso ikamfunika magoti. Aliona aibu, kisha akaona furaha fulani ya kijinga, kama mtoto aliyegundua kwamba peremende alizokuwa anaokota ziliwekwa pale kwa ajili yake. Alisema asante. Alisema Mungu ambariki, na safari hii alimaanisha Mungu mwenyewe. Kisha hasira ikamjia, akasema kwamba wakifika atamkalisha Euphrasia chini amweleze.

"Ngoja," Kukhu akasema. "Mimi nami si malaika. Nimempangia jiko lake upya, hajui chumvi iko wapi. Siku zake za mapumziko namwamsha kabla ya jogoo kwa rozari. Na juzi mbele ya akina mama wa kanisa nilisema kuku wake ni supu ya wagonjwa." Alifikiri. "Mimi ningekuwa yeye, ningenihamisha mapema zaidi."

"Angekwambia tu, Mama."

"Na mimi ni mtu wa kuambiwa?"

Simiyu alitazama theluji. Nyuma yake kulianza kama kikohozi, kikageuka, kikawa kicheko, kicheko kikubwa cha tumboni ambacho hakukitarajia kutoka kona ile. Akacheka naye. Yule dereva mwenye ndevu alipopita tena aliwaona wanacheka, mwanamume amevaa sketi ya maua, akainua kidole gumba.

*

Jioni malori ya kusukuma theluji yakafika. Polisi wa barabarani walifungua njia ya katikati na kuwageuza watu wote warudi walikotoka, kwani magharibi hakupitiki. Simiyu alishuka mlima kwa mwendo wa gari la maiti, mguu mmoja una kiatu na mwingine una mfuko wa plastiki, na hakuna aliyemwambia apunguze.

Walipokaribia Cumberland simu ilifufuka ikatetemeka bila kukoma. Euphrasia alikuwa analia. Alikuwa ameona habari za ajali, alikuwa amepiga simu kila mahali, Sebastian alikuwa karibu kupanda gari awafuate. Simiyu alimwambia kwamba wote ni wazima na wanarudi. Euphrasia akauliza Mama amekaaje muda wote huo, bila mtu wa kumsemea. Simiyu akasema mtandao ni mbaya, akakata.

Karibu na Frederick, Kukhu alinyosha mkono kimya. Simiyu, suruali yake imekauka kwa hita, akamrudishia leso. Kukhu akaifunga tena kati ya viti, safari hii chini kabisa, kioo cha nyuma kikabaki wazi.

Langley Park watu walikuwa wanapika chakula cha usiku. Korido ilinuka vitunguu. Euphrasia aliwadaka mlangoni, akamkumbatia mama yake, akamkumbatia mumewe, akauona mfuko wa plastiki mguuni na kulia upya. Aliwavuta ndani. Simiyu akaenda moja kwa moja jikoni, mahali pake, akasimama nyuma ya friji. Kukhu akaketi sebuleni na kuegemeza mwiko ukutani. Nanjala alikuwa amekuja kutoka kwa Makena, amejifunga blanketi, pua nyekundu.

"Mliongea nini huko?" Euphrasia akauliza, akijifuta macho, na sauti yake ilikuwa na kitu kidogo kinachochungulia.

"Mtu na mkwe wake huongea?" Kukhu akajibu. "Tulisali."

Euphrasia alishusha pumzi. Akamimina chai. Alikuwa ameshaanza kusema kwamba wiki ijayo hali ya hewa itakuwa nzuri, Sebastian anaweza kuja mwenyewe, wakati Kukhu alipoweka kikombe chini.

"Euphrasia, mwambie mume wako nitakaa mpaka Pasaka. Na mwambie mashati yake nitaendelea kuyanyosha, lakini vifungo asifunge vyote anapoyavua. Vinanichelewesha."

Mkono wa Euphrasia ulisimama na birika. Alimtazama mama yake, ambaye alikuwa akitazama ukuta. Alimtazama mumewe, ambaye alikuwa akisoma maandishi ya friji. Rangi ilimpanda kutoka shingoni.

"Baba Nanjala," akasema polepole, "Mama anasema... anasema kama haitakusumbua..."

Kukhu akakohoa. Nyuma ya friji Simiyu naye akakohoa.

"Anasema atakaa mpaka Pasaka," Euphrasia akasema. "Na mashati ananyosha yeye. Usifunge vifungo vyote."

"Mwambie Mama sitafunga," Simiyu akasema. "Na mwambie kuanzia kesho rozari ianze saa tatu. Wewe ulale."

Euphrasia alikaa chini, birika bado mkononi. Alifungua kinywa kumfikishia mama yake ujumbe huo, na sauti haikutoka. Machozi yalitoka, na ndani ya machozi kulikuwa na kicheko ambacho hakujua akipeleke wapi. Kukhu alimsogelea, akamwondolea birika mkononi kabla chai haijamwagika.

"Mwambie nimesikia," akasema, na akaketi karibu naye.

Nanjala aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akauliza, kwa Kiingereza chake cha puani, kwa nini hawa wawili hawaongei tu wenyewe, na kila mmoja yuko pale pale anamsikia mwenzake. Kukhu alimwambia anywe chai kabla haijapoa.